Mdogo wangu ana lupasi, mkojo una povu na unamvuja akikohoa. Ni figo au ni mambo ya uzazi?

DadaMkubwa_Busia

Habari zenu humu. Naomba mnisaidie mawazo maana nyumbani kila mtu ana lake na mimi ndio naambiwa niamue kwa sababu ndio mkubwa.

Mdogo wangu ana mtoto mmoja, alijifungua mwaka jana, mtoto mkubwa kweli kweli na uchungu ulimvuta sana ila mwishowe akazaa kawaida. Tangu kabla ya mimba alikuwa analia na viungo, asubuhi vidole havikunjiki, nywele zinatoka, vidonda mdomoni haviishi, na sisi tukawa tunamtibu malaria kwenye kliniki ya mtaani, malaria ikikataa basi ni taifodi, taifodi ikikataa tunarudi malaria, mnajua wenyewe mambo ya huku. Baada ya kuzaa akazidi ndio tukampeleka Kampala, daktari akapima damu akasema huyu ana lupasi, kinga yake ya mwili imegeuka inampiga yeye mwenyewe.

Saa hii miguu inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mkojo una povu hata akimwaga maji bado limekaa tu. Walipima kwa kijiti wakasema protini plasi tatu, kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, ati bado si mbaya. Amepewa predinisoloni, haidroksiklorokwini, kidonge cha presha na cha kukojoza. Sasa daktari anataka baiopsi ya figo, yaani kutoa kipande kidogo wakipime, na mama amekataa katakata, anasema figo ikichomwa sindano ndio imeisha hiyo.

Tena kuna jambo lingine ambalo ananiambia mimi tu. Mkojo unamvuja. Akibeba jerikani, akicheka, akikohoa, kidogo kinatoka na ameanza kuvaa pedi kila siku. Shangazi yetu anasema ni figo zimelegea sababu ya lile toto kubwa kwa hiyo tutibu uzazi kwanza, figo zitajirudi zenyewe. Usiku pia anaamka kukojoa mara nyingi mpaka mume analalamika. Yaani sijui kama ni ugonjwa mmoja au ni miwili.

Na shemeji ametuma meseji WhatsApp ati kuna dawa mpya ya utafiti ya "jeni ya figo za watu weusi", kuna anayejua ukweli wake? Ana na kakohozi kakavu hakaishi, nadhani ni vumbi la haya malori ya mpakani. Samahani nimeandika refu.

Kijana_wa_Jinja

Pole dada. Mimi sio musawo (daktari) ila mama yangu mkubwa alivimba miguu hivyo hivyo tukampa mumbwa, ule udongo wa dawa za miti, wa kukwangua na majani ya mululuza, na maji mengi lita tano kwa siku kusafisha figo, alipona. Hospitali watamalizia hela kwa vipimo. Jaribu kwanza hiyo, haina kemikali.

SistaNesi_Mbale

Kijana wa Jinja usikasirike na mimi lakini hapa nakupinga wazi wazi. Miguu kuvimba kuna sababu nyingi, mama mkubwa wako huenda alikuwa na jambo lingine kabisa. Huyu protini inamwagika plasi tatu na ana lupasi. Lita tano za maji mtu aliyevimba tayari anapewa kidonge cha kukojoza unampeleka wapi? Maji yatakaa mwilini, mengine kwenye mapafu. Na mumbwa nani anajua ndani ya ule udongo kuna miti gani na kiasi gani, kuna mimea inajulikana duniani kote kwamba inaua figo kabisa, ile yenye asidi ya aristolokiki, na muuzaji hawezi kukuambia kama imo au haimo kwa sababu na yeye hajui.

Sasa dada nije kwako. Povu na kuvuja ni vitu viwili vya sehemu mbili. Figo ni chujio. Ndani ya kila moja kuna vichujio vidogo sana karibu milioni, kazi yao ni kupitisha uchafu na maji na kubakiza protini kwenye damu. Kwenye lupasi kinga inatengeneza kingamwili, yaani protini za kupigana na vijidudu, dhidi ya vitu vya ndani ya seli zako mwenyewe, zinashikana, zinaenda kunasa kwenye vile vichujio, pale panaanza kuwaka moto wa ndani, protini inapita. Ndio povu, ndio miguu kuvimba maana protini ikipungua kwenye damu maji yanatorokea kwenye nyama. Mtu hahisi maumivu yoyote, hiyo ndiyo hatari yake, na kreatinini "si mbaya" isikulaze usingizi kwa sababu inapanda wakati figo imeshapoteza kazi nyingi.

Kuvuja ni huko chini kabisa. Ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa, imevutwa na ule uchungu mrefu. Figo hailegei na kudondosha mkojo, mwambie shangazi kwa heshima. Ukitibu misuli peke yake ukaacha lupasi, pedi zitapungua na figo zitakufa kimya kimya.

Kwenye usiku lakini hapo yanakutana. Maji yaliyokaa miguuni mchana, akilala yanarudi kwenye damu, figo inayatoa, ndio anaamka amka. Muulize kidonge cha kukojoza anakunywa saa ngapi. Kama ni jioni basi umeshapata mchawi, aulize daktari kama anaweza kukihamishia asubuhi.

Halafu hicho kikohozi umekiweka mwishoni kama si kitu. Kidonge cha presha kinaitwaje? Kama jina linaishia na "pril", yaani enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, hizo zinapewa watu wa protini makusudi kwa sababu zinashusha shinikizo ndani ya chujio na protini inapungua, ni dawa nzuri sana. Ila kwa watu wengine zinaleta kikohozi kikavu kisichoisha. Na mwanamke mwenye misuli dhaifu akikohoa kutwa, mkojo utatoka kutwa. Niletee jina.

DadaMkubwa_Busia

Sista umenishtua!! Nimempigia simu sasa hivi, ni enalaprili. Na kikohozi anasema kilianza baada ya kuanza dawa ila hakufikiria. Cha kukojoza anakunywa jioni baada ya kurudi sokoni kwa sababu mchana hana choo karibu. Kwa hiyo aache enalaprili?

SistaNesi_Mbale

HAPANA asiache mwenyewe. Arudi kwa daktari aseme "nakohoa tangu nianze hii". Kuna losatani inafanya kazi ile ile ya protini na kikohozi chake ni nadra, wanabadilisha tu. Lakini nakuomba kabla ya kulaumu kidonge apimwe TB, makohozi na picha ya kifua. Yuko kwenye predinisoloni, kinga imeshushwa, tuko Uganda, kikohozi cha wiki mbili na zaidi hatukisingizii dawa wala vumbi mpaka TB imeondolewa. Na predinisoloni pia asiikate ghafla hata kama uso umevimba na watu wanamsema amenenepa, mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake, akikata anaweza kuanguka.

Moja lingine nilitaka kusahau. Viungo vikimuuma asikubali ile sindano ya diklofenaki ya kliniki za mtaani, wala ibuprofeni ya dukani. Zinabana mishipa inayopeleka damu kwenye chujio. Yeye maumivu ni parasetamo, na ikizidi ni daktari.

Kipepeo_Kla

Dada mimi nina lupasi, nimefanya baiopsi, naomba mpe mama yako usome naye hii.

Walinilaza kifudifudi na mto chini ya tumbo. Daktari akaweka ile skani ya mimba mgongoni anatafuta figo, chini upande wa kushoto, akachora na kalamu, akachoma ganzi. Hiyo ganzi ndio inauma, kama dakika hivi, inachoma halafu inapotea. Baadaye akaniambia vuta pumzi, shikilia, usipumue, maana figo inapanda na kushuka na pumzi, kisha nikasikia TAK kama stepula, basi. Akarudia tena kwa sababu anataka vipande viwili. Alinionyesha kile kipande kwenye chupa, kauzi kembamba kekundu, nikasema ndio hiki mlinitisha nacho hivi? Kisha unalala chali masaa mengi, huruhusiwi kuamka, wanapima presha kila mara na kila mkojo unaotoa wanauangalia rangi. Hapo kulala chali na kukojolea beseni ndio palinishinda kuliko sindano.

Hatari ipo, sikudanganyi, ni damu kuvuja. Daktari wangu aliniambia kwenye watu mia, kama watatu hivi wanaona mkojo mwekundu, na wa kuongezewa damu ni kama mmoja. Ndio maana kabla ya hapo wanapima chembe za kugandisha damu, wanahakikisha presha imetulia, na kama unakunywa aspirini unaambiwa uache mapema.

Kwa nini wanaing'ang'ania? Kwa sababu lupasi ya figo ina madaraja, la kwanza mpaka la sita, na kutoka nje huwezi kujua uko wapi. Mtu wa daraja la pili na mtu wa la nne wote mkojo una protini. Huyu anaweza kuendelea na dawa nyepesi, yule asipopigwa dawa kali mapema anaishia kwenye mashine ya kusafisha damu (dayalisisi). La tano ni tofauti tena, protini inamwagika sana ila moto si ule. La sita ni makovu matupu, hapo hata ukimmiminia dawa za kushusha kinga unamuumiza bure. Sasa bila baiopsi daktari anapiga mshale gizani na dawa zenyewe si peremende, nyingine zinaweza kuharibu mayai ya uzazi.

Mama yangu pia alikataa mwanzoni. Kilichomgeuza ni daktari kumuita yeye mwenyewe ofisini na kumuonyesha kwenye karatasi, kwa Luganda, bila haraka. Jaribuni kumuombea mama nafasi hiyo, wazee wetu hawapendi kusikia habari ya mtoto wao kutoka mdomoni mwa mtoto mwingine.

Darubini_Mbarara

Nimesoma maabara kwa hiyo swali la meseji ya WhatsApp naona ni langu. Shemeji hajadanganya ila amechanganya.

Jeni inaitwa APOL1. Inatengeneza protini fulani ya kwenye damu ambayo inaua vijidudu vya malale, vile vya mbung'o. Sisi Uganda malale tunayajua, mwanzoni mwa karne iliyopita yaliua zaidi ya watu laki mbili kwenye mwambao wa ziwa hadi serikali ya wakoloni ikahamisha watu kutoka visiwani, na nchi yetu ndio pekee ina aina zote mbili, gambiense upande wa West Nile kule kaskazini-magharibi (hiyo WHO ilithibitisha 2022 kwamba si tatizo la afya ya jamii tena) na rhodesiense ile kali ya upande wa mashariki. Rhodesiense ilijifunza kukwepa ile protini. Ndio kwa baadhi ya Waafrika jeni ikabadilika, kuna umbo linaitwa G1 na lingine G2, na utafiti wa 2017 uliochukua watu wa Uganda na wa Guinea ulionyesha G2 inakinga dhidi ya rhodesiense. Kwa kinga ya malale nakala moja inatosha. Ukirithi mbili, moja kwa baba moja kwa mama, figo zinakuwa kwenye hatari. Hili la figo liligunduliwa 2010 kwa Wamarekani weusi, ndio likasaidia kueleza kwa nini wao wanaishia kwenye dayalisisi kuliko wazungu. Mabadiliko haya yamejaa zaidi Afrika Magharibi, huku kwetu ni machache, kwa hiyo hiyo lugha ya "figo za watu weusi" mimi siipendi, Muigbo wa Nigeria na Mkonzo wa kwetu Uganda hawako sawa kwenye hili hata kidogo.

Dawa yenyewe ni inaksaplini, kidonge. Majaribio yaliyochapishwa 2023 yalikuwa ya watu wachache sana, hawakufika hata ishirini, wenye nakala mbili na makovu kwenye vichujio, na protini ya mkojo ilishuka karibu asilimia 48 ndani ya wiki 13. Inatia moyo ila ni majaribio madogo, hayana hata kundi la kulinganisha, na hawakuwa watu wa lupasi. Mdogo wako hiyo si yake saa hii.

Zake ni zingine. Hapa naomba uvumilie kidogo na namba. Belimumabu ni dripu au sindano inayonyima chakula seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kwenye utafiti wa 2020, watu 448, baada ya miaka miwili waliopata nafuu nzuri ya figo walikuwa asilimia 43 ukilinganisha na 32 wa dawa za kawaida peke yake. Voklosporini ni kidonge, 41 kwa 23 baada ya mwaka. Obinutuzumabu matokeo yametoka 2025, 46 kwa 33. Ukiziangalia vizuri utaona kitu ambacho meseji za WhatsApp hazisemi: hata kwa dawa mpya, zaidi ya nusu hawafiki pale panapotakiwa, na zote zilitolewa JUU ya dawa za zamani, kama mikofenoleti (ya kushusha kinga) na predinisoloni, sio badala yake. Kwa hiyo mtu asikwambie bila dawa ya ng'ambo mdogo wako amekwisha. Msingi ni ule ule.

Kuna na ile ya Ujerumani, mji wa Erlangen, wanatoa seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, wanazifundisha maabara kuwinda seli B, wanazirudisha mwilini. 2024 walitoa habari za wagonjwa 15, wanane wa lupasi, na hao wanane wote ugonjwa ulinyamaza na wakaacha dawa. Mimi niliposoma nilirudia mara mbili. Lakini wanane ni wanane, na gharama yake usiulize.

Kinachonifurahisha mimi kuliko zote ni ile haidroksiklorokwini ambayo tayari anayo. Binamu wa klorokwini yetu ya malaria ya zamani, bei yake inabebeka, na inapunguza lupasi kulipuka tena. 2020 watu wa lupasi walihangaika kuipata kwa sababu ya kelele za korona. Asiiache hata akijisikia mzima. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito wake kwa siku, na kwa kuwa figo zina shida, macho yapimwe mapema kila mwaka, maana inaweza kujikusanya nyuma ya jicho.

Mzee_Arua

Nawasoma tu vijana wangu. Mimi ni mtu wa dayalisisi, naenda hospitali ya Kiruddu, Kampala. Mwambie huyo mama kwamba sindano moja ya baiopsi siyo kitu, mimi nachomwa mbili, kubwa, kila nikipanda kwenye mashine. Nilikuwa na presha nikaipuuza. Ninyi mna nafasi bado. Kupandikiza figo kumeanza kwetu pia, hospitali ya Mulago walifanya ya kwanza mwishoni mwa 2023 baada ya sheria ya viungo kupita, lakini msifike huko mwanangu.

FiziyoWaNyonga

Mzee pole sana na Mungu akutie nguvu.

Niongee kuhusu kuvuja maana naona wote mmekimbilia figo. Mimi ni mtu wa fiziotherapi. Kwanza tuulizane jambo ambalo lazima liulizwe kwa mwanamke yeyote wa huku aliyepata uchungu mrefu: mkojo unatoka akikohoa tu na kubeba, au unatiririka muda wote mchana na usiku hata akiwa amekaa kimya? Kama ni muda wote hiyo si misuli, inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo inashonwa kwa upasuaji, mazoezi hayaisaidii. Kwa maelezo ya dada naona ni ile ya kukohoa na kubeba, lakini aulizwe vizuri mwenyewe, faraghani, asijibiwe na mtu.

Sasa mazoezi. Wengi wanafundishwa vibaya. Mwambie alale chali magoti juu, abane kama anazuia upepo usitoke mbele ya wakwe. Hapo hapo, hiyo ndio misuli. Avute kuelekea ndani na juu, tumbo lisikazwe, makalio yasibanwe, mapaja yasishikane, na apumue, nawakuta wanaminya mpaka mishipa ya shingo inatoka na kule chini hakuna kinachofanyika. Abane kwa sekunde chache, aachie KABISA, apumzike muda ule ule, arudie angalau mara nane, na hiyo ifanyike mara tatu kwa siku. Miezi mitatu ndio ahukumu. Wiki ya pili ataniambia haifanyi kazi, ni kawaida. Na aache ule mtindo wa kukata mkojo katikati kila akienda chooni, mara moja kujua misuli ni ipi sawa, kila siku unavuruga kibofu.

Kabla hajakohoa au kuinua jerikani abane kwanza, halafu ndio ainue. Hilo peke yake linasaidia haraka kuliko mazoezi yote. Na jerikani ya lita 20 kwa sasa mumpe kadogo au mumsaidie, samahani najua maji ya bomba ni hadithi.

Kuna sehemu mbili ambapo huku chini na figo wanajuana kweli, kwa hiyo shangazi hakukosa mia kwa mia. Ya kwanza, predinisoloni ya muda mrefu inadhoofisha misuli, hasa ya mapaja na nyonga, mtu anashindwa hata kuinuka kwenye mkeka, kwa hiyo akiona hivyo aseme. Ya pili, mfuko wa uzazi ukishuka sana mpaka kutokeza nje unaweza kukunja mirija inayoleta mkojo kutoka figo, mkojo ukarudi juu na figo zikavimba. Si jambo la mama wa mtoto mmoja mara nyingi, ila skani ya figo ambayo watafanya kabla ya baiopsi itaonyesha, kwa hiyo akihisi uzito au kitu kinashuka chini asione aibu kusema siku hiyo hiyo.

Na asipunguze maji ya kunywa ili asivuje, wengi wanafanya hivyo, mkojo unakuwa mkali na maambukizi yanaingia, na yeye kinga iko chini. Anywe kiasi alichopangiwa na daktari wake.

DadaMkubwa_Busia

Weebale nyote, sikutegemea hivi. Nimemuuliza faraghani, ni akikohoa na kubeba tu, akikaa ni mkavu. Mama amekubali kwenda kuongea na daktari mwenyewe, hiyo ya Kipepeo nilimsomea kwa Kisamia mstari kwa mstari, pale kwenye stepula alicheka.

Limebaki moja. Mume wake anataka mtoto mwingine, wa kiume, mama mkwe ndio anasukuma. Na yeye hatumii uzazi wa mpango wowote. Ni hatari?

SistaNesi_Mbale

Ndio, na hili liwe la kwanza kumwambia daktari, kabla hata ya kikohozi. Apime mimba kabla ya kila kitu. Enalaprili na losatani zote mbili zinaumiza figo za mtoto tumboni. Mikofenoleti ambayo huenda akaanzishwa baada ya baiopsi inaharibu mimba, inabidi iwe imeachwa angalau wiki sita kabla ya kushika, na anahamishiwa azathioprini ambayo inaruhusiwa. Haidroksiklorokwini inaendelea hata akiwa mjamzito. Na figo zinatakiwa ziwe zimenyamaza miezi sita hivi, akishika mimba kabla ya hapo zinaweza kuwaka, presha inapanda, unaweza kumpoteza mama na mtoto.

Kwa sasa atafute kinga ya mimba isiyo na estrojeni, kwa mfano kijiti cha mkononi. Vile vidonge vya kawaida vyenye estrojeni kwa mtu wa lupasi iliyowaka figo vinaweza kugandisha damu. Vituo vya afya vingi vya serikali vinaweka kijiti, ila aseme ana lupasi.

Kipepeo_Kla

Naongezea, huyo mume aende naye siku ya majibu. Wangu alikuwa hivyo hivyo mpaka daktari alipomuambia mbele yangu.

DadaMkubwa_Busia

Sawa. Kliniki ni Jumatano, tunapanda basi la usiku mimi, yeye na mama. Mume anasema atajaribu kupata ruhusa kazini. Ya TB ataanza hapa hapa Busia kesho asubuhi. Nitawaletea majibu ya daraja yakitoka.